Aliyerudi Harudishwi

Nilimwamkia Bi Mwajabu mara mbili, na mara zote mbili aliyaangalia maji badala ya kunijibu. Katika mji wetu wa Mkunguni kumnyima mtu marahaba si jambo dogo. Hata mwizi akikamatwa huitikiwa shikamoo yake kwanza, kisha ndipo apigwe. Nikajua habari zangu zilifika kabla ya boti yangu.

"Mizigo iwekwe kule," alisema, akiyaambia maji vilevile.

Kule palikuwa stoo ya nyavu. Godoro nililotengewa lilikuwa limelowa chapachapa, na mvua haikuwa imenyesha kwa wiki nyingi. Nililisimamisha ukutani likauke, nikatoka nje kuitazama kazi iliyonileta.

Jukwaa la kituo lilisimama kwa miguu ya chuma katikati ya ghuba, na bahari yote iliyolizunguka ilikuwa nyeupe, imefanya utando kama uji uliopoa. Juu ya utando huo walikimbia watelezi, maelfu kwa maelfu, kila mmoja mdogo kama punje ya mchele, miguu sita, hajui kuruka wala kupiga mbizi. Katika wadudu wote wa dunia ni jamii yao peke yake iliyothubutu kuhamia bahari kuu, ikaishi na kufa juu ya ngozi ya maji. Watu wa maabara walimpachika mtelezi tezi ya nta. Kila anapopita anaacha nta nyuma yake, nta inarudisha jua lilikotoka, maji ya chini yanapoa, na upepo wa baharini unafika mjini ukiwa na ubaridi wa kumwezesha mtu kulala.

Kabla yao, msimu wa joto Mkunguni ulikuwa ukiua watu vitandani. Mwaka mmoja tulizika mpaka sanda zikaadimika madukani. Mama yangu tulimzika kwa shuka.

Kwa hiyo mji ulipopigishwa kura, nami nilipiga. Tuliambiwa bei yake waziwazi: maji yaliyofunikwa kwa nta hayapumui, na samaki wote wa ghuba watakufa. Tukasema sawa, ghuba moja kwa mji mmoja. Na wakitoroka je? Hawawezi, tuliambiwa. Nje ya mlango wa ghuba unapita mkondo wa maji moto ambao haushuki chini ya nyuzi thelathini na nne, na mtelezi wetu aliumbwa azimie kwenye thelathini na tatu. Akizimia hulalia tumbo, miguu inalowa, anazama. Joto lenyewe ndilo lililokuwa ukuta.

Mimi ni mkaguzi: kazi yangu ni kupima ukuta huo, na ukibomoka, kuwakomesha watelezi. Napima joto linalomzimisha mdudu. Ni kazi ya kijinga kuitaja harusini, lakini ndiyo iliyonilisha.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema mtu nyuma yangu. "Ila wewe, dada Somoe, umekuja mwenyeji afe."

Alikuwa Daktari Rehani Mkumba, mkuu wa kituo, mtu mrefu mwenye mabega ya mbeba magunia. Mkononi alishika kikombe kimoja cha chai, nacho kilikuwa chake.

"Nimekuja kupima tu, Daktari."

"Aliyekuja kupima kaburi naye husema hivyo hivyo." Akanywa chai yake taratibu mbele yangu, akamwaga masalio baharini, akaenda zake.

Simu yangu ikalia. Alikuwa dada yangu Asumini, anayeishi na Baba mjini.

"Umeshafika huko?"

"Nimefika. Baba hajambo?"

"Baba amelala, dirisha wazi, upepo unamwingia. Nataka ulijue hilo kabla hujagusa kitu. Ukiuzima huo upepo, Somoe, nyumba hii usiijue tena."

* * *

Walikuwa wameniandalia wadudu wa kupima, wamepangwa vizuri kwenye karai la kioo, wamenona. Niliwakataa. Nilichukua wavu mdogo, nikashuka ngazi, nikachota wangu mwenyewe kutoka ghubani. Kina mama na vijana wa kituo walisimama wakiniangalia jinsi watu wanavyomwangalia mtu anayefungua chungu cha jirani.

Kipimo chenyewe hakina uchawi. Unawaweka watelezi kwenye karai lenye kipasha joto chini yake, unapandisha joto polepole ili mwili upate nafasi ya kujitetea, na unaangalia miguu. Mzima husimama juu ya maji kwa ncha za miguu kama aliyevaa viatu vya kisigino. Joto likimzidi, miguu inatandazika, tumbo linagusa maji. Hapo unaandika.

Thelathini na tatu ilifika. Wote walikuwa wakikimbia.

Nilikibadilisha kipimajoto nikidhani kimeharibika. Cha pili kikasema vilevile. Thelathini na nne ikapita, wakaendelea kukimbia na kugombana kama watoto wa madrasa mwalimu akitoka. Thelathini na tano. Kwenye thelathini na sita wa kwanza akalala tumbo, kisha mwingine, na hata hapo nusu yao walikuwa bado wamesimama.

Bi Mwajabu, ambaye ndiye msimamizi wa mabirika ya watelezi na mkongwe kuliko wote kituoni, alinisogelea na kijiko cha chai. Akawachota waliozimia mmoja mmoja, akawaweka kwenye sahani ya maji baridi. Tukasubiri. Baadhi walibaki vilevile, akawamimina kwenye kopo la kuchomea. Wengine walitikisa mguu mmoja, halafu wa pili, wakasimama. Hao aliwabeba kwenye kijiko hadi pembeni, kwenye birika kubwa lenye mfuniko wa wavu, akawatia humo taratibu.

"Aliyerudi harudishwi," alinong'ona.

Niliyajua maneno hayo, na sikuwahi kuyasikia yakisemwa kwa mdudu.

Katika miaka ile mibaya, mtu wa Mkunguni aliyezimia kwa joto kisha akaamka alikuwa na haki zake. Alioshwa miguu kwa maji mengi, akachinjiwa kuku, na hakutumwa tena juani msimu ule wote, hata akiwa mtumishi, hata akiwa mfungwa. Kumrudisha mtu kwenye kilichomwachia roho yake ilikuwa laana. Baba yangu ni mmoja wao. Alianguka njiani akitoka kumzika Mama, akalazwa kwenye safu ya maiti, na Asumini ndiye aliyeona kidole cha mguu kikicheza. Mimi ndiye niliyeiosha miguu hiyo. Daktari wa hospitali alisema moyo wake hautabeba joto la pili.

"Bi Mwajabu," nilisema, "kanuni inasema wote waliopimwa wachomwe."

Kwa mara ya kwanza alinijibu. "Kanuni haikuzaliwa Mkunguni."

"Hilo ni birika gani?"

"La mbegu. Humo ndimo wanamotaga, na watoto wao ndio tunaowamwaga ghubani."

"Tangu lini mnawarudisha humo walioamka?"

"Tangu siku ya kwanza. Ulitaka tuwafanyeje? Wamekufa wakarudi, halafu sisi ndio tuwachome? Sisi?"

Mkulima yeyote angenielewa bila kusoma. Ukichagua mbegu kila msimu kutoka kwenye mashina yaliyovumilia ukame na mengine ukayatia moto, usishangae miaka ikipita una mahindi yasiyojua kiu. Kila kipimo kilichofanyika pale kilikuwa kimeua wanyonge na kuwazalisha wastahimilivu. Maabara isingethubutu kumtengeneza mdudu wa namna hiyo kwa makusudi. Alitengenezwa kwa kijiko cha chai, na watu waliokuwa wamechoka kuua.

Nilimweleza hayo kwa upole nilioweza kuupata, ambao haukuwa mwingi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kosa langu ni kutoua," alisema.

"Kosa lako ni kuwarudisha kwenye birika la mbegu."

"Mzee wenu alirudi, mkamrudisha nyumbani kwake akalale kitandani." Alikuwa akimsema Baba. "Nami nimewarudisha kwao. Sasa nenda kamwambie mkubwa wako kwamba Mwajabu ana huruma nyingi, aje anifunge."

* * *

Ofisi ya Mkumba ilikuwa na dirisha moja linalotazama mji. Nyumba za Mkunguni zilionekana ng'ambo, madirisha yote wazi. Sikukaribishwa kiti, nikakaa.

"Wanafika thelathini na sita," nilisema.

"Na nusu, wakikomaa vizuri."

Nilimwangalia. Hakuona haya hata kidogo.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Niligundua, nikafunga mdomo, nikalala usingizi. Unataka nilie?" Aliegemea meza. "Niliwazika wanangu wawili wiki moja, Somoe. Siku hizi watoto wa mji huu wanakufa kwa kuanguka minazini na kwa surua, kama watoto wa watu wengine. Mimi hiyo naiita maendeleo."

"Upepo sasa hivi unawasukuma ufukweni. Ukigeuka utawasukuma mlangoni. Mkondo hautawazuia tena. Watatoka nje wakiwa na nta yao, na nje hakuna ghuba, kuna bahari yote. Umeona chini ya ghuba yetu? Nimeteremsha kamera leo. Ni matope meusi na mifupa. Unataka iwe hivyo mpaka wapi?"

"Labda watapoza dunia."

"Labda. Na walao samaki? Visiwa vizima havina shamba wala ng'ombe. Sisi tulipiga kura kuhusu ghuba yetu. Wao nani aliwauliza?"

"Nao walituuliza sisi tulipokuwa tunakufa?" Sauti yake haikupanda, na hilo liliniudhi zaidi. "Dunia nzima ilituangalia kwenye televisheni tukizikana, wakabadili stesheni. Sasa unaniletea mimi huruma za visiwa nisivyovijua. Nenda."

Nikamwambia siendi. Kupeleka ripoti makao makuu kungekuwa kuitisha kikao, na kikao kingezaa kamati, na upepo haungojei kamati. Sheria ilimpa mkaguzi ufunguo wa kukomesha hapohapo. Tatizo lilikuwa kwamba walioandika sheria walidhani wadudu watakomeshwa kwa joto. Sasa joto lilikuwa limewazoea. Lakini nilikuwa nimewajaribu pia kwa baridi. Mtelezi wa asili alizimia maji yakishuka hadi nyuzi kumi na sita. Hawa wa birika la Bi Mwajabu walilala tumbo kwenye ishirini na mbili. Waliojifunza moto walikuwa wamesahau baridi.

Na maji ya baridi yalikuwepo. Kabla ya watelezi, serikali ilijaribu kuupoza mji kwa mabomba yanayovuta maji ya kilindini na kuyanyunyiza ghuba nzima. Mtambo ulikula umeme wa mkoa mzima kwa siku moja tu, wakauacha. Mabomba yalibaki yakielea, na kwa ulinzi yakawekwa chini ya ufunguo wa mkaguzi. Siku moja haitoshi kuupoza mji. Kuua wadudu inatosha.

Mkumba alielewa kabla sijamaliza.

"Baba yako yuko pale," alisema, akionyesha dirisha kwa kidevu.

"Najua aliko baba yangu."

"Basi andika thelathini na tatu. Nani atakuja kupima tena kabla ya mwaka kwisha? Andika, twende tukanywe chai. Nitakupa kikombe."

Nilitamani kuandika. Nasema wazi ili mtu asije akanifanya shujaa. Nilimwazia Baba akiwa amelala dirisha wazi, nikawachukia watu wa visiwa nisiowajua hata majina, nikachukia samaki wao. Nilikuwa nimeshaishika kalamu. Kilichonizuia hakikuwa wema. Ni kwamba nilipima kwa mkono wangu na kuona kwa macho yangu, na sikujua ningewezaje kutoona tena.

"Mchelea mwana kulia, hulia yeye," nilimwambia.

"Mimi nimeshalia," alisema Mkumba. "Zamu yako sasa."

Nilimpigia Asumini nikamwambia ampeleke Baba milimani. Akacheka kicheko kibaya. "Safari ya siku nzima kwa gari la bati, juani? Daktari amesema asisogezwe hata sebuleni. Umeamua, si ndiyo? Unanipigia ili nikupunguzie dhambi." Akakata.

* * *

Mkumba alitangaza kwa vipaza sauti vya mji kwamba ubaridi unaondoka, watu walowanishe mapazia, wazee wawekwe vyumba vya chini. Hilo alilifanya vizuri. Kisha akawakusanya wafanyakazi wake wote kwenye sitaha.

"Mabomba atayafungua mama mkaguzi mwenyewe," alisema. "Asiwepo mkono wa Mkunguni hata mmoja."

"Mimi pia ni wa Mkunguni," nilisema.

Walirudi nyuma, wakaniachia njia.

Niliingiza ufunguo, mtambo ukanguruma chini ya miguu yetu. Gurudumu la bomba kuu lilikuwa limekamatwa na chumvi. Nilivuta mpaka ngozi ya viganja ikachubuka, na waliokuwa na mikono mizima walisimama wameifumbata. Mwishowe likaachia. Ghuba nzima ikaanza kunyeshewa kutoka chini kwenda juu, mvua ya maji meusi yenye harufu ya kilindi, baridi mpaka meno yakaniuma.

Watelezi walijaribu kukimbia. Walikwenda huku, wakakuta baridi, wakageuka, wakakuta baridi. Kisha miguu ikatandazika. Weupe wa ghuba ukaingia madoa, madoa yakaungana. Hutaga mayai yao kwenye chochote kinachoelea, na kituo kiliwawekea mbao maalumu kwa ajili hiyo. Hizo nilizivuta kwa winchi ubao mmoja mmoja, nikazimwagia petroli na kuziwasha. Birika la mbegu nalo nililimwagia barafu mbele ya macho ya Bi Mwajabu. Alifunika mdomo kwa upindo wa khanga yake na hakuondoka.

Umeme ulipokwisha, mtambo ukanyamaza. Kesho yake nta ilikuwa imekatika vipande na mawimbi yakaipeleka ufukweni. Bahari ilikuwa ya buluu kama nilivyoikumbuka utotoni, na ilikuwa ikitokota. Upepo uliotoka juu yake ulinipiga usoni kama mtu aliyefunua sufuria. Ng'ambo, madirisha ya Mkunguni yalianza kufungwa moja baada ya jingine.

Nilishinda nikivuta wadudu kwa wavu ili kuhakikisha hakuna aliyesalia. Mchana simu ikalia.

"Baba amezimia," alisema Asumini.

Nilikaa chini palepale. "Ameamka?"

"Bado. Kwa jirani, kwa kina Tindwa, wameshatoa maiti mbili tangu asubuhi. Usikate simu. Nataka usikie."

Niliiweka sikioni nikasikia chumba cha nyumbani kwetu: kitanda kikilia, watu wakinong'ona, Asumini akimwita Baba, akimwita tena. Wakati huo Bi Mwajabu alikuja kutoka upande wa nyavu. Alitembea polepole, kiganja amekikunja mbele yake kama aliyebeba maji. Akasimama juu yangu, akakifungua.

Katikati ya kiganja palikuwa na mtelezi mmoja. Joto la mkono lilikuwa limemfikia. Alitikisa mguu, halafu wa pili, akasimama kwa ncha zote sita kwenye mistari ya ngozi ya Bi Mwajabu. Alikuwa jike, tumbo limejaa mayai.

"Huyu ameamka," alisema.

"Somoe, upo?" aliuliza Asumini simuni.

"Nipo."

Bi Mwajabu akanisogezea mkono. "Mchukue wewe. Mkono wangu haujui."

Nilimchukua. Alikuwa mwepesi hata sikumhisi. Nilitaka kusema neno fulani kwanza, lakini neno pekee nililolijua la kumwambia aliyeamka lilikuwa lile lisilofaa. Nikaishikilia simu kwa bega, nikambana kati ya kucha mbili za gumba, kama tulivyokuwa tukiua chawa, mpaka akapasuka. Bi Mwajabu akafuta kiganja chake kwenye khanga mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akarudi kwenye nyavu.

Simuni kelele zikaongezeka ghafla, kisha zikapungua. Nikasikia maji yakimiminwa, mengi, kwenye sakafu ya saruji.

Nilijua nyumbani kwetu maji humwagiwa watu wa aina mbili, aliyekufa na aliyerudi.

"Asumini," nilisema. "Hayo maji ni ya nini?"

Nilimsikia akipenga kamasi, na nyuma yake mtu mmoja akiulizia kuku.

"Ya miguu," alisema. "Ameamka. Anauliza kwa nini upepo umekuwa moto, nami nimemwambia." Sauti yake ikakauka. "Wewe usije kumwosha. Nitamwosha mimi."

Akakata. Nilifuta ukucha kwenye suruali, nikaushika wavu, nikaenda kuwatafuta wengine walioamka.